Baba wa Mlangoni

3 Februari

Kwako mume wangu, Bwana Bwawa,

Habari za huko kwenye maji? Sisi hatujambo, na safari hii nikisema sisi simaanishi mimi na cherehani. Mtoto amefika.

Afisa ustawi alimleta Alhamisi mchana, mimi nikiwa nimezama kwenye kola za sare za shule, uzi mdomoni, hata salamu nikaitoa kwa kichwa. Ana miaka sita au saba, kituo hakina hakika. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na sweta lililokuwa la mtu mkubwa. Hakulia wala hakucheka. Alizunguka nyumba nzima akifungua na kufunga kila mlango, hata wa kabati, kisha akaketi mahali anapoweza kuuona mlango wa mbele. Nimempa jina la utani, Chonjo, na naona amelikubali, maana nikiita anageuka.

Sasa nisikilize vizuri, usisome harakaharaka kama kawaida yako. Tutaitwa mbele ya jaji tarehe mbili Aprili. Afisa amesema mume na mke wote wawili lazima wasimame pale na kusema kwa midomo yao kwamba wanataka kumwasili mtoto huyu awe wao. Barua haitoshi, na mtu wa kukuwakilisha hatoshi. Usipokuwepo anarudishwa kituoni. Basi omba ruhusa mapema.

Sala yetu ya saa moja jioni sijaiacha. Nakivuta kiti chako nje kidogo kama siku zote, ili huko ulikopiga magoti ujue huku una pa kukaa. Wanaojua habari hii wananicheka, lakini tangu tumzike mwanetu na wewe ukaenda kutafuta kazi huko, hiyo ndiyo saa pekee ninayojiona nina mume.

Jana tulipokuwa tunaomba, Chonjo alifumbua macho kabla ya amina. Akaniuliza, "Mama, yule baba wa mlangoni haketi?"

Ameniita mama. Furaha ilinijaa nikashindwa hata kumalizia sala. Ni baadaye, nikiwa naosha sahani, ndipo yale maneno mengine yaliponifikia, nikageuka kuutazama mlango. Ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Wako,
Sindano


10 Februari

Kwako Sindano,

Barua yako imekuja na lori la chakula, inanuka vitunguu mpaka mpishi akaitamani. Nashukuru mko salama.

Huku mvua imewahi. Asubuhi napima kina cha maji, mchana napaka grisi minyororo ya milango ya bwawa, jioni napima tena. Simu bado haishiki mtandao hata ukipanda juu ya paa. Mpishi alijaribu, akaambulia kuteguka kiuno.

Kuhusu ruhusa, nitaangalia. Msimamizi ni mgumu wakati wa mvua, na fundi wa milango ni mimi peke yangu. Usijenge matumaini makubwa. Labda jaji ataelewa.

Huyo mtoto usimjaze mambo mengi kwa mpigo. Mtu aliyehamishwahamishwa lazima atazame milango, maana anajua siku moja mlango utafunguliwa na ataambiwa abebe mfuko wake. Hakuna zaidi ya hapo. Huyo baba wa mlangoni yumo kichwani mwake, na atamchoka.

Kitu kimoja nakuomba. Kile kigoda nilichomchongea mwanetu, kilicho juu ya kabati, kiache palepale. Mgeni wako akitaka kukaa, viti vipo.

Saa moja jioni nipo kama siku zote, nimepiga magoti kando ya kitanda. Tunakutana hapo.

Mumeo,
Bwana Bwawa


17 Februari

Mume wangu,

"Mgeni wako." Nimelisoma neno hilo, nikaliweka pembeni. Tutalizungumza ukija.

Leo nina jambo la kuogopesha. Baba wa mlangoni haji siku mojamoja. Anakuja kila jioni, saa ileile yetu, na Chonjo anamwangalia vile unavyomwangalia jirani anayepita. Nimemuuliza taratibu nikiwa namsuka, ili asinione uso. Anasema ni mtu mzima. Hana viatu na miguu yake ina vumbi. Anafika, anasimama kwenye kizingiti, anainama kusugua mguu mmoja kwa mkono. Anatazama juu ya kabati kilipo kigoda, kisha anaondoka. Nikauliza kama anaomba pamoja nasi.

"Haombi," akasema. "Anasikiliza tu."

Nikuambie ukweli, mawazo yangu yalikimbilia kwa mwanetu. Moyo wangu haujui kukaa mbali na kaburi lile. Nikamuuliza Chonjo kama huyo mtu si mtoto mdogo. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Mtoto gani ana ndevu?"

Ningesema ni utoto. Lakini Jumanne nilihisi mgongoni baridi ya mlango ulio wazi, na mlango ulikuwa na komeo. Tulipomaliza kuomba nikakuta kwenye kizingiti vumbi jekundu kidogo, na mchana nilikuwa nimepiga deki kwa mikono yangu mwenyewe. Mtaa huu wote udongo wake ni wa kijivu. Nimelizoa, nimelitia kwenye kopo la vifungo. Sijui kwa nini sikulitupa.

Kibaya zaidi, Ijumaa afisa ustawi alikuja bila taarifa. Akamuuliza Chonjo anaishi na nani hapa. Mtoto wa watu akajibu kwa adabu zote, "Na mama. Na baba anayekuja jioni halafu anaondoka."

Afisa akanigeukia polepole. "Mume si ulisema yuko mbali?"

Nikasema ni michezo ya watoto, naye akasema sawa, atapita tena. Unaelewa maana yake. Akiamini kuna mwanamume anayenijia jioni, mtoto huyu haendi hata kwa jaji. Atachukuliwa yeye na sweta lake. Siwezi kuzika mara ya pili, mume wangu, sina tena nguvu hizo.

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe moja nimewaalika akina mama wa maombi. Huyo mtu, au kitu, ataondoka. Na wewe omba ruhusa.

Sindano wako


24 Februari

Sindano,

Usiwaite akina mama. Nakuomba kama mumeo, usiwaite.

Kuna jambo sikukuambia. Miezi michache iliyopita mfuniko wa chuma uliniangukia mguuni nikiwa nafungua mtambo. Kucha mbili zilitoka na hazijaota tena. Nilinyamaza kwa sababu nakujua, ungedandia lori la vitunguu ukaja. Mguu bado unauma jioni nikivua buti, nausugua mpaka utulie.

Sasa usimwambie mtoto lolote. Muulize tu ni mguu upi, na vidole vyake vikoje. Na hilo vumbi la kopo, lipake kwenye karatasi unitumie. Udongo wa huku wote ni mwekundu.

Ukinijibu nitakueleza yaliyobaki. Dereva anasema mto umejaa, daraja haliaminiki, lakini ataondoka kesho akipata upenyo. Namwombea apate. Neno hilo sijalitumia siku nyingi.

Mumeo


2 Machi

Mume wangu,

Lori halijafika, watu wanasema daraja limekatika. Naandika tu, barua itajua yenyewe lini itapanda.

Kazi imekwisha. Akina mama walikuja jana saa moja kasoro, kitenge hiki na kile, mama kiongozi mbele na ile sauti yake inayoamsha mtaa. Waliimba, wakazunguka vyumba, wakasimama mlangoni. Chonjo alikuwa kwenye kiti chake anakula mkate. Ghafla akaacha kutafuna, nikajua yule wa mlangoni amefika.

Mama kiongozi naye akajua. Akanyoosha mkono kuelekea kizingiti akasema, "Toka. Njia ya nyumba hii usiijue tena. Mlango huu usiujue. Mwenye nyumba usimjue, wala sura yake." Sisi sote tukaitikia, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Nilisema usijue, usijue, usijue, mpaka koo likakauka.

Chonjo aliruka akashika komeo kwa mikono miwili. Hajawahi kulia tangu aje, mume wangu, na jana alilia kilio cha mtu anayefiwa. Alikuwa akisema, "Mnamsukuma. Mnamsukuma, ataanguka." Ilibidi tumbandue vidole kimoja kimoja. Mama kiongozi akasema ni kawaida, watoto hushikwa kwa urahisi, atatulia.

Ametulia. Ametulia mno. Leo kutwa hajasema neno wala hajafungua mlango wowote. Jioni tumeomba, nikamuuliza kama kuna mtu. Akatikisa kichwa.

Basi nimeshinda, na afisa akija hatasikia la ajabu. Lakini nilipokivuta kiti chako nje kidogo kama ninavyofanya siku zote, nilijiona kama mtu anayepakua chakula cha asiyekuja. Sijawahi kujisikia hivyo. Hebu niandikie haraka uniambie hujambo.

Sindano


9 Machi

Kwa mke wangu,

Nimepata barua yako kwa dereva aliyevuka mto kwa mtumbwi. Nimeisoma kwa makini kama mtu anayesoma habari za familia fulani anayoitakia heri. Usikasirike. Nitakueleza, na safari hii sifichi kitu.

Mimi sipigi magoti saa moja jioni. Sijaomba tangu tulipotoka makaburini. Nilipochukua kazi hii nilikuahidi tutakutana kwenye sala, na jioni ya kwanza nilipiga magoti kweli, nikakosa la kumwambia Mungu ambalo si tusi. Kwa hiyo nilikaa kitandani, nikavua buti, nikafumba macho, nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Kwa mawazo tu. Nateremka kwenye basi, napita maduka, nafika mlangoni. Kila jioni. Ndani sijawahi kuingia, kwa sababu nikifika naona kigoda juu ya kabati. Nasimama pale nakusikiliza ukiniombea, halafu narudi.

Jumapili ile nilifika mlangoni kama kawaida. Nikasukumwa kifuani. Mpishi alinikuta sakafuni, damu puani, na akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Anasema jioni zote anazoniletea chai hukuta buti zimepangwa na kitanda kitupu. Alidhani niko chooni. Alikuwa anaona aibu kuuliza mtu mzima kwa nini anashinda chooni. Jumapili nilianguka mbele yake kutoka pasipokuwa na mtu.

Tangu hapo sijui nyumbani. Najua kazi yangu, najua kila mnyororo na kila nati ya milango ile. Najua nina mke na najua ni fundi wa nguo. Lakini nikifumba macho basi linanishusha mahali nisipopajua. Mlango wetu una rangi gani? Uko mkono gani wa barabara? Nakuona umeinamia cherehani, nikingoja uinue uso, unainua, na hamna kitu.

Na ruhusa sikuomba. Msimamizi hana tatizo, anayeomba anapewa. Niliogopa kusimama mbele ya jaji na kusema nataka mtoto, halafu Mungu asikie.

Mpishi ameniombea ruhusa yeye mwenyewe. Lakini nikiteremka kwenye basi nitaelekea wapi?

Mumeo, kama anwani ya bahasha zako inavyosema


16 Machi

Mume wangu,

Barua yako ya kuniambia nisiwaite na hii ya mwisho zimenifikia siku moja, mkononi mwa mtu mmoja. Nimezipokea nikiwa nimesimama, nikazimaliza nikiwa nimekaa chini.

Nimekufukuza kwa mdomo wangu. Wewe ulikuwa unakuja kila siku, na mimi nikaalika watu waje wanisaidie kukufukuza.

Nilimuuliza Chonjo kama ulivyosema, sikumtajia kitu. Akakunja mguu wake wa kushoto, akashika kidole gumba na kinachofuata. "Hivi havina kucha." Nikamuonyesha vumbi la kopo, nimekupakia kidogo kwenye karatasi hii, utalitambua. Kisha nikakimbia kwa mama kiongozi nikiwa na tepu ya kupimia shingoni. Nikamwambia tumefukuza mwenye nyumba, tumrudishe. Akasema, "Mwanangu, kufukuza tunajua. Kurudisha hatujawahi kuombwa." Alilia pamoja nami, na tukaomba, lakini niliona naye anaogopa.

Kuhusu kuomba kwako nilikasirika, sikufichi. Miaka yote hii nikidhani tuko wawili. Nilirarua mshono wa sketi nzima kwa hasira. Halafu nikafikiri. Mtu anayetembea kila jioni kuja kwenye mlango anaoogopa kuuingia, akasimama kusikiliza jina lake likiombewa, huyo kama haombi basi mimi sijui kuomba ni nini. Hilo la Mungu kusikia mwachie Mungu. La ruhusa ndilo nitakalokudai mimi.

Sasa sikia la Chonjo. Ameanza kusema tena. Anasema hujaondoka kabisa. Uko barabarani, unapita mbele ya nyumba unakwenda, unarudi, unatazama milango ya watu. Juzi saa moja alifungua mlango wa mbele akakuita, baba, baba, mpaka majirani wakatoka. Hukugeuka. Akaniambia, "Tumwandikie. Mama, yeye anasoma."

Anayotaka kukuambia nimeyaandika kama alivyosema. Sikuongeza neno. Tarehe mbili haiko mbali, na afisa amesema jaji hasogezi siku.

Rudi.

Mkeo, Sindano


16 Machi

Baba wa mlangoni,

Shikamoo.

Mama anasema umepotea. Mimi nilipotea zamani nikakaa sehemu moja mpaka mtu akaja, lakini wewe ni mkubwa huwezi kukaa.

Ukishuka kwenye basi usifuate watu wengi. Fuata ukuta wenye matangazo yaliyochanika. Utaona kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, yeye hukaa nje. Usimuulize, anapenda kuongea utachelewa. Pita duka la rangi, kuna ngazi za mawe. Ngazi moja imevunjika, wewe huwa unairuka. Ukiruka utasikia cherehani. Ukisikia cherehani umefika.

Mlango ni wa bluu, chini umebabuka. Kuna milango miwili ya bluu. Wa kwetu ndio ulio wazi.

Mama alitaka kufunga kwa sababu ya wezi nikakataa. Nikachukua kile kigoda cha juu ya kabati nikakiweka pale mlango usijifunge. Mama alisema utakasirika. Sikukikalia. Kinashika mlango tu.

Ukifika usisimame. Ukisimama unaondoka. Ingia.

Mimi sitaki kurudi kituoni. Kule milango ni mingi na hakuna anayekuja.

Chonjo


5 Aprili

Kwa kaka yangu Mpishi,

Dereva akikupa barua hii mpe chai, ameninusuru mara nyingi. Uliniambia nikifika salama nikuandikie kila kitu, ili jioni upate cha kusoma badala ya kuangalia kitanda changu. Basi haya hapa.

Niliteremka kwenye basi tarehe moja, jua likielekea kuzama, na karatasi ya yule mtoto mkononi. Kaka, ule mji sikuutambua hata kidogo. Watu walinisalimia kwa furaha, wakaniita fundi, na mimi nikawaitikia kama mwizi. Nikafuata ukuta wa matangazo. Kinyozi alinyanyuka kuniita, nikaangalia chini. Kwenye ngazi za mawe mguu wangu uliruka wenyewe kabla sijaona pamevunjika. Hapo nilisimama, kwa sababu kichwa hakikujua na mguu ulijua.

Cherehani haikulia. Nikapita milango miwili ya bluu, yote niliiona imefungwa. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa nikarudi, nikapita tena, nikatazama milango ya watu, na wakati natazama nikakumbuka kwamba yule mtoto alisema hivyohivyo, kwamba ananiona nikipita na kurudi. Nilitaka kurudi kituo cha basi. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshageuka.

Ndipo cherehani ikaanza. Nyuma yangu mlango mmoja wa bluu haukuwa umefungwa kabisa. Ulikuwa wazi upana wa kigoda.

Nilifika kizingitini, na miguu ikafanya ilivyozoea, ikasimama. Ndani mwanamke ameinamia kitambaa, simwoni uso. Meza ina viti, kimoja kimevutwa nje kidogo. Na mtoto mwembamba, sweta limemfika magotini, amekaa sakafuni ananitazama bila mshangao wowote. Watu wote mjini walishangaa kuniona isipokuwa huyu ambaye hajawahi kuniona. Nikawaza kwamba katika nyumba hii nisiyoikumbuka kuna mtu mmoja anayenijua, na nikirudi nyuma hatua moja na huyo nitakuwa nimempoteza.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Akasema, "Mbona leo una viatu?"

Nikainama nikavua. Akasogea akaushika mguu wa kushoto, akagusa vile vidole viwili, akaridhika. Kisha akanivuta mkono nikavuka. Kaka, si mbali, ni unene wa ubao, lakini jioni zote zile sikuwahi kuuvuka. Yule mwanamke akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akainua kichwa, na kwa sekunde moja hapakuwa na kitu, kama nilivyokueleza. Halafu akasema, "Ruhusa ya kuomba dakika mbili imekushinda miezi miwili." Uso ukarudi mahali pake wote, na makunyanzi yake, na uzi mdomoni. Nililia. Naye alilia, huku akinipiga ngumi begani.

Siku iliyofuata tulisimama mbele ya jaji. Afisa ustawi alikuwepo, ananikagua. Jaji aliniuliza kama namtaka mtoto huyu awe wangu. Nilidhani maneno yatagoma, nikasema namtaka, na nikasema kwa sauti ili Mungu naye asikie kama anasikia. Jaji akamuuliza Chonjo kama ananifahamu. "Ndiyo," akasema. "Alikuwa anakuja kila jioni." Jaji akafurahi, akasema ni vizuri mzazi kujizoesha na mtoto mapema. Afisa akafungua mdomo, akamwangalia mtoto alivyonishika mkono, akaufunga. Ni binti yetu sasa, kisheria na vinginevyo.

Kigoda nimempa Chonjo. Nilimwambia akalie, akajaribu, magoti yakamgonga kidevu. Nitamchongea kingine. Kile kidogo amekiweka kwenye kiti cha nne mezani, anasema ni cha kaka yake, na hakuna aliyembishia.

Nitarudi kufunga vitu vyangu mvua ikiisha, msimamizi atafute fundi mwingine. Kwa sasa nina ombi. Jioni ukipita chumbani kwangu ukakuta buti kando ya kitanda, usizisogeze, na usikae hapo kungoja. Nilizivaa buti zangu kuja huku. Zipo hapa chini ya meza nikiandika, kwa hiyo ukikuta nyingine huko, jua ni za mtu mwingine aliye njiani kwenda kwao.

Jana saa moja tuliomba. Mke wangu aliomba, mimi nilisema machache, yalitoka kama maji ya bomba lililokaa muda bila kutumika. Kabla ya amina nilimwona Chonjo amefumbua macho, anatazama mlangoni. Nikamnong'oneza, kuna mtu?

Alitazama kwa muda. Akanitazama na mimi, kwenye kiti changu, kama anayelinganisha.

"Hakuna," akasema. "Baba, sasa funga."

Ndugu yako,
Bwana Bwawa